Lupita hakuokotwa njiani

Kila Jumamosi ninapofundisha uigizaji hapa Kisumu, hakosi mzazi wa kuniambia kwamba binti yake hahitaji mazoezi ya miezi sita, kwani "Lupita wetu", yaani mwigizaji Lupita Nyong'o, alipata Oscar kwa filamu moja tu. Kwa kuwa babake, Profesa Anyang' Nyong'o, alichaguliwa gavana wa kaunti hii mwaka 2017, watu humtaja Lupita kana kwamba walimlea wao, ilhali njia aliyopitia hawaijui hata kidogo.

Ni kweli kwamba filamu iliyompa tuzo mwaka 2014, 12 Years a Slave, ndiyo iliyokuwa yake ya kwanza kubwa. Hata hivyo, alikuwa ameshapanda jukwaani Nairobi na kundi la Phoenix Players akiwa na umri wa miaka 14, akiigiza kama Juliet wa Shakespeare. Baadaye akafanya kazi nyuma ya kamera katika filamu iliyopigwa humu nchini, akatengeneza filamu yake ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino, akaigiza katika tamthilia ya televisheni ya Shuga mwaka 2009, kisha akasomea uigizaji kwa miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu mwaka 2012. Nafasi katika filamu ile ya Oscar aliipata akiwa anakaribia kuhitimu. Anayeita hayo yote bahati na ajaribu kukariri ukurasa mmoja wa Juliet bila kukwama, halafu tuzungumze.

Wazazi haohao huamini kwamba jukwaa ni ngazi ya kupandia, na kwamba aliyefika kwenye filamu hana haja nalo tena. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi huko Yale, Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba katika tamthilia ya Eclipsed ya mwandishi Danai Gurira, yaani alijifunza nafasi ya mwenzake ili aishike iwapo mwenzake angeugua. Baada ya kupata Oscar aliirudia tamthilia hiyohiyo New York, safari hii akiwa mhusika mkuu, ikafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, mwaka 2016 na yeye akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway. Mtu haendi kuigiza usiku baada ya usiku, wiki nzima, mahali anapopadharau.

Kuhusu sauti, ambayo ni sehemu ya mazoezi hayo wanayoyadharau wazazi, mwigizaji wa jukwaani hapigi kelele, bali huisukuma sauti kutoka tumboni ili aliyeketi nyuma kabisa asikie hata mnong'ono. Mbele ya kamera, sauti hiyohiyo huchosha masikio. Ndiyo maana wanafunzi wangu husoma gazeti kwa sauti kila asubuhi, kwanza kana kwamba wanamsomea mtu aliye ng'ambo ya barabara, kisha kana kwamba wanamsomea aliye kando yao, na wasiofanya hivyo mimi huwatambua kabla hawajamaliza sentensi ya pili.

Na machozi? Kulia papo hapo si kipaji. Mtazamaji huguswa zaidi na mhusika anayejitahidi asilie.