Je, wajua kwanini giza la katikati ya magalaksi linawaka eksirei?

Ukiangalia kundi la magalaksi, yaani ile mikusanyiko mikubwa ya nyota, kwa darubini ya kawaida unaona vidoa vya mwanga vimetawanyika na kati yao giza totoro, na mtu yeyote atakwambia hapo katikati hapana kitu. Kumbe pana kitu, tena kingi. Ukipaangalia kwa eksirei, mwanga usioonekana kwa jicho kama ule wa kupigia picha za mifupa hospitalini, pale pale penye giza panawaka, wingu moja kubwa limefunika kundi zima.

Na setilaiti iliyoanza kutuonyesha hayo ina jina letu kabisa, Uhuru! Ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano lililosimama baharini huko upande wa Malindi, siku hiyo hiyo Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, ndo jina likatokea hapo. Kabla yake watu walitegemea roketi za kupanda na kushuka, unapata dakika chache tu huko juu basi, maana hewa yetu inazuia eksirei za angani zisifike chini. Uhuru ikakaa juu miaka 2 na kitu ikipekua anga lote, ikakuta makundi kama Coma na Perseus yanatoa eksirei kutoka eneo pana sana, sio kidoti kimoja. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel ya fizikia 2002.

Sasa kwanini panawaka? Ni gesi. Kundi moja lina magalaksi mamia mpaka maelfu na uzito wake wote unavuta, kwahiyo gesi inadondokea ndani kwa kasi ya kutisha, inagongana na iliyotangulia, na ile mbio yote inageuka joto, digrii milioni 10 hadi milioni 100 hivi. Chukulia chuma kwa mhunzi, kikishika moto kinakuwa chekundu, akizidi kuvukuta kinaelekea weupe, yaani joto likipanda na mwanga unabadilika, na gesi hii imeshapita weupe zamani imefika kwenye eksirei ambako jicho haliwezi kufuata. Ni nyepesi mno, lita nzima unakuta chembe chache tu, ila imetanda mamilioni ya miakanuru (mwakanuru mmoja ni umbali mwanga unaokwenda kwa mwaka mzima), ukiijumlisha inazidi uzito wa nyota zote za kundi hilo mara kadhaa. Hapo ndo mimi huishiwa maneno, nyota ndo tunazoziona halafu ni sehemu ndogo tu ya mzigo.

Kuna swali liliwasumbua wataalamu miaka mingi. Gesi ikitoa eksirei inapoteza joto, na pale katikati ilipojazana ilitakiwa iwe imeshapoa na kuzaa nyota kibao, mbona haipoi? Jibu likaanza kuonekana kwenye Perseus, kama miakanuru milioni 240 kutoka hapa. Galaksi ya katikati, NGC 1275, ina shimo jeusi kubwa, kitu chenye mvutano mkali hadi mwanga hautoki, linalomeza vitu na kurusha mikondo ya nguvu nje, mikondo inapuliza mapovu makubwa ndani ya gesi, na mwaka 2003 Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, ikaonyesha viwimbi vinatoka pale kama maji ya bwawa ukitupa jiwe. Ni sauti jamani, nzito ajabu, wimbi moja na lingine vinapishana kama miaka milioni 10, na wengi wanaona nguvu hiyo ya shimo jeusi ndo inairudishia gesi joto lake.