Fundi, hili ni la Mmarekani au la Mchina?

Karibu kila mteja huniuliza hivyo akishafungua zipu ya begi hapa kwangu Mwanjelwa, Mbeya. Hajasema gitaa linaumwa nini, anataka kwanza nimtajie uraia wake. Nikisema Marekani, anajiweka sawa kwenye benchi. Nikisema Indonesia, uso unashuka kidogo. Nikisema China, anaanza kujitetea: "Nilinunua haraka haraka, fundi, sikuwa na hela."

Julai iliyopita mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Rujewa alinishushia magitaa mawili ya umeme kwa mpigo. La solo lilikuwa na maandishi ya dhahabu kichwani, "Made in USA", na jina la kampuni ambalo hata asiyepiga gitaa amewahi kulisikia. La rithimu lilikuwa la Indonesia, rangi imechubuka, kitasa kimoja cha sauti hakipo.

"Hili la solo ukalifanyie taratibu, fundi. Hilo lingine hata ukilisukuma sukuma tu, sawa."

Nikaanza na la solo, kwa heshima yake. Kifuniko kidogo cha pale kichwani, kinachoficha nondo ya shingo, ile inayokazwa kuinyoosha shingo, kilishikwa na skrubu tatu. Kampuni ile hutumia mbili. Nikakifungua: nondo inakazwa kwa alenki, wakati kampuni ile huweka nati ya shaba ya kukaza kwa spana. Namba ya kiwandani, ambayo wao huigandamiza ndani ya mbao, hapa ilikuwa imechapwa kwa wino na ukucha uliikwangua. Nikaweka rula ya chuma juu ya freti, vile vichuma vilivyokatiza shingo, rula ikacheza kama meza yenye mguu mfupi. Freti ya saba ilikuwa juu ya wenzake, ya kumi na moja chini. Marekani gitaa lile halikupita hata kwa ndege.

Kabla sijarudi kwa la Indonesia, niseme kwa nini naona swali lenyewe la "nchi gani" limekaa upande.

Kampuni ikienda kiwandani huagiza bei, nchi inakuja baadaye. Inasema: nataka gitaa litakalouzwa kwa kiasi hiki, na kiwanda kinapiga hesabu kinyumenyume. Mbao ya aina gani, ikaushwe muda gani, fundi akae na freti dakika ngapi. Kiwanda cha Cor-Tek, kampuni ya Kikorea iliyo na mitambo Surabaya, Indonesia, hutengeneza magitaa ya jina lake la Cort na pia ya kampuni nyingine, yakiwemo yale ya mfululizo wa SE ya PRS, kampuni ya Marekani. Jengo ni lile lile. Gitaa linatoka zuri au la kawaida kutegemea mwenye oda amelipia nini.

Sasa, mshahara wa fundi wa California haumruhusu mtu kutengeneza gitaa la laki mbili akabaki na faida. Kwa hiyo halitengenezwi kule, na sisi tunaona magitaa ya Kimarekani yote ni mazuri, kumbe mabaya hayajapewa nafasi ya kuzaliwa. China wanatengeneza la laki mbili na la milioni nne. Linalopanda basi kuja Mbeya ni la laki mbili. Ni sawa na mtu wa Dar aliyeuziwa chenga maisha yake yote, akatangaza kwamba mchele wa Kyela hukatika.

Zamani Wamarekani nao walikuwa na chenga zao. Harmony ya Chicago ilimwaga magitaa ya bei ya chini kwa wingi wa kutisha, mengine yakiuzwa kupitia katalogi za Sears, kampuni kubwa ya maduka, hadi ilipofunga mwaka 1975. Mengi yalikuwa ya mbao za kawaida kabisa, shingo haina hata nondo ya kurekebisha, yalikusudiwa mtoto wa shambani aanzie hapo. Hayo nayo yalitoka Marekani.

Na Fender yenyewe? Kampuni hiyo ya magitaa ilianzishwa na mtu aitwaye Leo Fender, mwaka 1946, pale Fullerton, California. CBS, kampuni ya utangazaji, wakainunua 1965, na wapigaji wengi watakwambia ubora ulishuka kadiri miaka ya sabini ilivyosogea: bendera ile ile, mji ule ule, gitaa jingine. Mwaka 1982 wakaanzisha Fender Japan, kazi ikifanywa na FujiGen ya Matsumoto. Menejimenti ilipoinunua kampuni kutoka CBS mwaka 1985, kiwanda cha Fullerton hakikuwemo kwenye mauzo, hivyo kwa muda magitaa mengi ya Fender yaliyouzwa Marekani kwenyewe yalikuwa ya Kijapani. Mpaka leo kuna watu wanayatafuta hayo ya Japani ya miaka ile kwa udi na uvumba. Kisha wakajenga Corona, California, na mwaka 1987 wakafungua kiwanda Ensenada, Mexico. Toka Corona hadi Ensenada unaendesha gari asubuhi na mchana unakula kule. Sidhani mbao inajua imevuka mpaka.

Kwenye benchi langu gitaa nalipasua mafungu mawili: kazi ya mashine na kazi ya mkono.

Nafasi za freti ni hesabu. Unachukua urefu wa uzi unaolia, tuseme milimita 650 kwa gitaa la nyuzi za nailoni, unagawa kwa 17.817, unapata milimita 36.5: hapo ndipo freti ya kwanza. Unatoa hizo, unagawa tena kilichobaki, unaendelea hivyo hadi mwisho. Fundi wa zamani aliyepima kwa jicho na penseli angeweza kukosea nusu milimita na gitaa likawa halitulii kwenye sauti maisha yake yote. Leo mashine ya kompyuta inakata mifereji hiyo, na mashine ya China haikati vibaya kuliko ya Nashville, Marekani. Ndiyo maana siku hizi hata gitaa la bei ya chini sana mara chache nalikuta na freti zilizopangwa vibaya.

Mabaya nayakuta kwenye kazi ya mkono. Freti hazikusawazishwa kwa msasa na ubao. Ncha zake hazikuviringishwa, zinakwaruza kiganja. Kile kimfupa cha juu, nyuzi zinapopita kwenda kichwani, kimekatwa mifereji isiyo na kina cha kutosha, ukibonya freti ya kwanza uzi unavutika na sauti inapanda, na mwanafunzi anadhani masikio yake ndiyo mabovu. Kusawazisha freti vizuri kunanichukua nusu siku. Kiwanda cha gitaa la laki mbili hakina nusu siku ya kumpa mtu yeyote. Kilichokosekana pale ni saa za kazi, na saa hizo nawauzia mimi hapa kwa bei ya Mbeya.

Uraia wa vipande vyenyewe nao una visa vyake. Taylor, watengeneza magitaa wa El Cajon, California, tangu 2011 ni wabia katika kiwanda cha kupasua eboni ya Kameruni pale Yaoundé, ndiyo ile mbao nyeusi ya kwenye shingo za magitaa yao. Klarineti za Ufaransa zinazotukuzwa duniani kote huchongwa kwa mpingo, na mpingo mwingi unatoka huku kwetu kusini, Kilwa na jirani zake. Na wanaocheka paini ya msitu wa Sao Hill, Mufindi, kwamba ni ya mabanzi na majeneza, basi wajue gitaa la majaribio lililozaa Telecaster, gitaa maarufu la umeme la Fender, lilitengenezwa na Leo Fender kwa paini. Si aina ile ya Mufindi, lakini paini ni paini.

Halafu kuna jambo ambalo lebo haiwezi kulisema hata kidogo: gitaa limeishi wapi baada ya kutoka kiwandani.

Viwanda makini hutunza mbao kwenye unyevu wa hewa wa karibu asilimia 45 hadi 50. Gitaa linashuka Dar, linavimba kidogo kwa unyevu wa pwani, halafu linapandishwa nyanda za juu na kukutana na Agosti yetu, midomo inapasuka na mafuta ya mgando yanakuwa jiwe. Mbao husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu. Ubao wa shingo unapungua, chuma hakipungui, ncha za freti zinachomoza pembeni kama meno ya msumeno. Gitaa lililokauka linaweza kutumbukia kifua, au kupasuka kabisa. Wateja wa Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wananiletea ugonjwa wa kinyume: kifua kimevimba, nyuzi zimepanda juu hadi mkono mtupu hauwezi kuzibonya. Nimepokea gitaa la mbao nzima la mamilioni likiwa na ufa wa urefu wa kiganja kwa sababu liliegeshwa karibu na jiko la mkaa, na siku hiyo hiyo likaja la plaiwudi la shule ya sekondari, limelala stoo miaka sita, halina hata mkwaruzo. Kwa shule, plaiwudi ndiyo ninayoshauri, na silioni hilo kuwa aibu.

Wazee wa huku gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, bado wanaliita galatoni. Hiyo ilikuwa chapa ya Gallotone, ya Afrika Kusini, na vijana wa Rungwe waliokwenda migodini kwa Wenela, shirika lililoajiri watu kwa migodi ya huko, walikuwa wanajua vitu vya huko. John Lennon wa Beatles naye gitaa lake la kwanza lilikuwa Gallotone Champion, limebandikwa lebo ndani ikitoa dhamana kwamba halitapasuka. Lilikuwa gitaa la bei ya chini la watu wa kawaida. Hakuna mzee aliyewahi kuniambia galatoni yake ilikuwa mbovu kwa kuwa haikutoka Ulaya.

Basi tukarudi kwa la Indonesia la mwalimu. Nikalishika kitako begani, nikatazama kwenye shingo kama mtu anayenyoosha mbao: imenyooka, ina kijibonde kidogo cha kawaida. Nikabonya freti ya kwanza na ya mwisho, nikaangalia uwazi katikati, unene wa kadi ya simu. Nikapiga mlio wa kengele kwenye freti ya kumi na mbili, kisha nikaibonya freti hiyo hiyo: sauti moja. Ncha za freti zilichomoza, Rujewa ni kukavu, nikazipiga tupa dakika ishirini. Kitasa kipya, nyuzi mpya za unene wa 10 hadi 46, nikashusha nyuzi hadi milimita 1.8 kwenye freti ya kumi na mbili. Lile la solo nilikaa nalo siku mbili na bado freti ya kumi na moja ilikuwa inalia kama nyuki chupani.

Alipokuja nikamwambia ukweli wote, skrubu tatu na wino. Akanyamaza. Akalijaribu la Indonesia kwenye amplifaya yangu ndogo, akapiga utangulizi wa wimbo mmoja, akaurudia, akaangalia kichwa cha gitaa, akaurudia tena.

"Kwa hiyo hili ndilo liwe la solo."

"Ndilo, mwalimu."

Akalipa, akayafunga yote mawili kwenye pikipiki. Alipokuwa anavaa kofia ngumu akageuka: "Fundi, yale maandishi ya dhahabu, huwezi kuyabandua ukayahamishia kwenye hili? Wanakwaya wasianze maneno."