Je, wajua? Kwa nini sponji haizuii kelele za upepo kwenye pikapu ya zamani

Mwambie mtu kwamba pikapu yako ya zamani inavuma kama mashine ya kusaga ikifika kilometa 90 kwa saa, naye atakujibu: ng'oa siti, tandika sponji na kapeti nzito. Niliambiwa hivyo, nikafuata. Nilifungua milango yote miwili ya pikapu yangu ya mwaka 1996, nikashindilia sponji ya godoro kila palipoingia mkono, nyingine nikaibandika darini. Safari iliyofuata, Chalinze kwenda Segera, redio ilisikika vizuri zaidi kuliko zamani. Upepo ulivuma vilevile.

Imani hii imeenea kwa sababu wengi tumeona trei za mayai kwenye kuta za studio ndogo za muziki, tukadhani zinazuia sauti isitoke nje. Hazizuii. Trei, sponji na mapazia hupunguza mwangwi, yaani sauti iliyokwisha kuingia ndani haigongi kuta na kurudi mara nyingi. Ndiyo maana redio yangu ilisikika safi. Kuzuia sauti isipenye ukuta ni kazi nyingine kabisa, na inafanywa na vitu viwili: uzito na kuziba. Sponji ni nyepesi na imejaa hewa. Weka mdomo upande mmoja, puliza, utaihisi pumzi upande wa pili. Tena sponji ya godoro mlangoni hunywa maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo na kuyashikilia, bati likaanza kuoza kwa ndani. Kama umeiweka, itoe.

Basi sauti inapita wapi? Fikiria chandarua chenye tundu moja. Unaweza kununua kingine kizito mara tatu ukakishonea juu yake, lakini ukiliacha lile tundu, mbu wataingia kama jana. Sauti nayo haihangaiki na bati wakati kuna mwanya. Chukua mlango wenye ukubwa wa meta 1 ya mraba na mzunguko wa meta 4. Mpira unaoziba kingo zake ukiacha nafasi ya milimita 1 tu pande zote, umeacha uwazi wa sentimita 40 za mraba, ambao ni asilimia 0.4 ya mlango. Kwa uwazi huo, mlango hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 24 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata uujaze zege. Bati tupu la milimita 0.8 peke yake hufika hapo na kupita kidogo kwenye sauti za kati. Kwa maneno mengine, bati halikuwa na kosa tangu mwanzo. Hesabu hii ni ya ukuta wa kawaida uliosimama; gari lina njia nyingi zaidi za kupitisha sauti, lakini mwelekeo ni uleule.

Sasa kwa nini mlango unaotulia kwenye 60 unapiga mluzi kwenye 100? Umepanda basi, umeona pazia linavyonyonywa na kupepea nje ya dirisha basi likikimbia. Hewa inayopita kasi kando ya gari ina mgandamizo mdogo kuliko iliyo ndani. Nguvu hiyohiyo huvuta fremu ya juu ya mlango kwenda nje, hasa karibu na nguzo ya kioo cha mbele na saidi mira, mahali hewa inapokata kona na kujizungusha. Mpira mpya hutanuka ukaifuata fremu. Mpira wa miaka 25 umeshagandamizika na kukauka, unabaki pale pale, na mwanya unafunguka. Juu ya hayo, kelele za upepo hupanda kwa kasi ya kushangaza: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti yake huongezeka takriban mara 64.

Kupima ni rahisi. Bana noti kwenye mlango, funga, vuta. Ikichomoka bila kukwama, mpira hapo umechoka. Kisha tafuta teipu ya karatasi, ile wapaka rangi wa magari wanayofunikia vioo, ziba mstari wote wa mlango wa abiria kwa nje, uende kwenye lami uliyoizoea. Bandua kipande kimoja kimoja mpaka mluzi urudi. Kwangu ulirudi nilipobandua sentimita 15 nyuma ya saidi mira. Angalia pia vizibo vya mpira vya sakafuni, huwa vinapotea bila mtu kujua. Matundu ya chini ya mlango yaache wazi, ni ya kutolea maji.

Kelele za tairi ni habari nyingine. Nyingi huja kama mtetemo kupitia chasisi na zile raba zinazobeba kebini, kwa hiyo mpira wa mlango hauzigusi. Hapo ndipo shiti nzito za butili, aina ya mpira unaonata, zinazobandikwa sakafuni zinasaidia, kwa kutuliza bati lisitetemeke.

Mpira mpya ulipoingia, mlango ulikuwa mgumu kufunga kwa wiki mbili hivi, kisha ukalainika. Siku ya kwanza barabarani upepo ulipotulia, nilisikia mngurumo wa beringi ya gurudumu la nyuma kushoto. Ulikuwapo muda wote, umefunikwa.