Toleo la 18 la PostgreSQL: mzani ndani ya hifadhidata

Gunia la dagaa likitoka Nansio, kisiwani Ukerewe, hupimwa, na likifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hupimwa tena. Kilo zikipishana, kuna mtu wa kuulizwa.

PostgreSQL, programu ya seva inayotunza hesabu za mauzo, stoo na mishahara, ina mzani wa namna hiyo tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013. Shida ni kwamba fundi ilimbidi auwashe mwenyewe, na wengi wetu hatukuhangaika nao. Toleo la 18, lililotoka Septemba 2025, linauwasha lenyewe unapoanzisha hifadhidata mpya.

Data hukaa diskini katika kurasa za kilobaiti 8. Ukurasa ukiandikwa, seva hukokotoa namba ya uhakiki (checksum, ndiyo mzani wetu) kutokana na yaliyomo na kuiweka humohumo. Siku ukisomwa, namba hukokotolewa upya. Zikipishana, seva inagoma na kutoa taarifa badala ya kukupa hesabu iliyooza.

Niliwahi kuitwa kwenye stoo moja ambayo diski ya seva ilikuwa inakufa taratibu. Hakuna aliyejua, mpaka mteja alipokuja juu kuhusu deni asilolitambua. Nakala za akiba zilikuwapo, tena nyingi, ila zilichukuliwa kwa kunakili mafaili tu, zikabeba ubovu uleule. Mzani ungepiga kelele mapema. Usingetengeneza kilichoharibika, maana mzani hauongezi kilo, lakini nakala nzima ya wiki iliyotangulia ingekuwa bado ipo.

Sasa mtego. Ukihamisha hifadhidata ya zamani kwa kutumia pg_upgrade, zana ya kupandisha toleo, na huko ilikotoka mzani ulikuwa umezimwa, kazi itakataa: pande zote mbili lazima zifanane. Njia ya mkato ni kuanzisha ile mpya kwa --no-data-checksums, yaani mzani ukiwa umezimwa. Mimi siipendi. Kama una toleo la 12 au la juu zaidi, zima seva usiku, washa mzani kwa zana iitwayo pg_checksums, kisha ndiyo uhame. Hifadhidata kubwa itachukua muda, kwa hiyo hakikisha betri au jenereta ipo; umeme ukikatika katikati, utaanza upya.

Kuhama kwenyewe kumepunguziwa adha. Zamani, asubuhi baada ya kupandisha toleo, mfumo ulikuwa mzito kwa sababu takwimu ambazo seva huzitumia kuchagua njia ya kutafuta data zilikuwa zimepotea. Toleo la 18 linabeba sehemu kubwa ya takwimu hizo.

Kasi nayo imeongezeka: seva inaweza kuagiza kurasa kadhaa kutoka diskini kwa mpigo bila kusubiri mmojammoja. Ukiwa na majedwali madogo usitegemee miujiza. Nywila zinazotunzwa kwa MD5, mtindo wa zamani, zimewekwa kwenye orodha ya vitu vitakavyoondolewa, basi hamia SCRAM, mtindo ulio salama zaidi, mapema. Na mwenye vituo visiwani, ambako mtandao huja na kuondoka, atapenda uuidv7, amri mpya ya kutunga namba za kipekee: kila kituo kinajitungia namba za risiti zinazofuata wakati, bila kugongana na za mwenzake.

Walio kwenye toleo la 13 hawana tena marekebisho ya usalama tangu Novemba 2025. Wengine wote, leo jioni mwambieni fundi aandike SHOW data_checksums. Kisha awasomee jibu. Likiwa off, yaani mzani umezimwa, mpangeni usiku wa kuzima seva.