Je, wajua kwa nini Ibrahim El-Salahi alizivunja herufi?

Pale Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, ukibahatika kuona mlango wa kuchonga wenye maandishi ya Kiarabu, sogea mpaka pua ikaribie kugusa mbao. Maneno yatapotea. Itabaki mikunjo, mikia na nukta, na hutajua herufi imeishia wapi na jani limeanzia wapi.

Mchoraji wa Sudan, Ibrahim El-Salahi, alilifikia jambo hilo kwa njia chungu kidogo. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930, na baba yake alisomesha Qurani nyumbani, kwa hiyo hati, yaani uandishi wa Kiarabu, aliianza utotoni, kama watoto wetu wa chuoni. Baadaye alisomea uchoraji London, akarudi Khartoum mwaka 1957 kufundisha. Akaonyesha kazi zake hotelini. Siku ya ufunguzi watu walijaa. Siku zilizofuata, kimya.

Mwalimu mwingine angesema watu hawajui sanaa. (Tunawajua wa aina hiyo.) El-Salahi aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi kutazama watu wanapamba nini: mikeka, kuta, na hati za Kiarabu walizotundika majumbani. Aliporudi kwenye rangi, alianza kutia maandishi madogo pembeni mwa picha, kama mtu anayepiga hodi. Watazamaji wakasogea. Hapo ndipo alipozivunja herufi zenyewe.

Chukua herufi ya waw: kichwa cha duara na mkia. Ikiondolewa kwenye neno, hailazimiki kutamkwa tena. Yaweza kuwa ndege aliyeinama, au jicho. Hata uwazi kati ya mistari ukaanza kutoa sura za watu, wanyama na mimea. Fundi wa kofia ya viua ataelewa upesi: urembo uko penye tundu. Kazi hiyo yake na ya wenzake kina Ahmed Shibrain ndiyo iliyokuja kuitwa Skuli ya Khartoum, yaani mkondo wao wa sanaa.

Mwaka 1975 El-Salahi alifungwa jela ya Kober, huko huko Sudan, miezi sita bila kesi. Karatasi zilikatazwa, akawa anachora kwenye vipande vidogo na kuvifukia mchangani. Alipotoka, vipande vikawa mtindo: huchora kimoja, akaunga kingine, picha ikamea. Moja ya kazi zake kubwa, ya 1984 na 1985, ina vipande tisa, na inaonekana kama bado inatafuta cha kumi.