Tarehe ya picha ya setilaiti na mipaka ya misitu ya vijiji mkoani Kigoma

Ninapoandaa ramani za mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, jambo la kwanza ninalolitafuta kwenye picha ya setilaiti ni mwezi ilipopigwa. Miti mingi ya miombo hupukutisha majani kiangazi, na moto wa nyasi ukishapita ardhi hubaki nyeusi. Kwa hiyo picha ya Agosti ikilinganishwa na ya Mei huweza kuonyesha msitu uliotoweka, ilhali hakuna aliyekata mti. Ramani ya namna hiyo ikifika mbele ya halmashauri ya kijiji bila maelezo, lawama humwangukia mfugaji au mchoma mkaa asiyehusika.

Uoto tunautambua kwa sababu majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni. Setilaiti za Sentinel-2 huupima kwa pikseli (vijiraba vidogo vinavyounda picha) za mita 10, na za Landsat kwa mita 30; picha za Landsat hupatikana bure tangu mwaka 2008, hivyo Julai inaweza kulinganishwa na Julai ya miaka mingi iliyopita. Wakati wa mvua, mawingu yanapofunika milima, rada ya setilaiti za Sentinel-1 huyapenya.

Kigoma ina ugumu wake wa pekee, nao ni mchikichi. Shamba la michikichi bondeni hubaki kijani kiangazi chote, sawasawa na msitu wa kando ya mto, na programu ya kuainisha picha ikiachwa bila mifano ya maeneo yaliyohakikiwa uwandani huviweka vyote katika kundi moja. Hili linanisumbua kuliko mengine yote, kwa kuwa shamba lililopandwa na babu wa mtu laweza kuchorwa kuwa msitu wa hifadhi. Dawa yake ni kuchapisha picha kwenye karatasi kubwa kabla mpaka haujachorwa, wazee na akina mama wanaokata kuni wataje kila bonde kwa jina lake, kisha sehemu zenye utata zifuatwe kwa miguu na GPS. Katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe, wanakijiji wamewahi kuzisoma wenyewe picha za setilaiti zinazoonyesha hata vitu vidogo wakati wa kupanga ardhi yao.

Mpango huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo ramani inayopelekwa hapo iandikwe tarehe ya picha na ukubwa wa pikseli, na maeneo ambayo hayajahakikiwa yapakwe rangi yake, ili wanakijiji wayajue kabla ya kunyoosha mikono.