Daftari la mhudumu na bajeti ya kaunti: tunayokosea kuhusu utafiti na sera

Mama mjamzito akienda kliniki Busia au Siaya siku hizi, hurudi nyumbani na neti ya mbu ambayo hakuilipia. Neti hiyo ina historia yake. Miaka ya 2000 palikuwa na hoja iliyoaminiwa na watu wenye nia njema kabisa: cha bure hakithaminiwi. Mpe mtu neti bure, walisema, atakwenda kuvulia omena; muuzie hata kwa bei ya chini, ataitundika kitandani. Hoja hiyo ina ladha ya hekima, ndiyo maana ilidumu.

Watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, waliipeleka kwenye kliniki za wajawazito hapa magharibi mwa Kenya. Kliniki nyingine zilitoa neti bure, nyingine ziliuza kwa bei mbalimbali hadi shilingi 40. Kisha wakapiga hodi majumbani kuangalia kama neti imetundikwa. Waliopewa bure waliitumia sawa na walionunua. Tofauti ilikuwa kwingine: bei ilipofika shilingi 40, takriban wanawake sita kati ya kila kumi ambao wangechukua ya bure waliondoka bila neti. Wapanga sera waliogopa watu watadharau zawadi, kumbe hatari yenyewe ilikuwa bei.

Naishi Kisumu, na nimeanza na neti makusudi, kwa sababu dhana ninazozisikia barazani kuhusu utafiti nyingi zinayeyuka ukiishika habari hii vizuri.

"Utafiti ni wa wageni, na unaishia kabatini"

Lalamiko hili lina chembe ya ukweli, nami silidharau. Kuna vijiji vilivyohojiwa mara nyingi ambavyo havijawahi kurudishiwa matokeo, na hilo ni kosa la watafiti. Lakini kusema hakuna kilichotoka humo si kweli. Mwaka 1998, shule za msingi Busia zilianza kugawiwa dawa za minyoo katika utafiti wa Michael Kremer na Edward Miguel. Shule zilikuwa 75. Utoro ulipungua kwa karibu robo, na hata watoto wa shule za jirani ambazo bado hazijapata dawa walinufaika, kwa kuwa minyoo ya kuambukizana ilikuwa imepungua. Alama za mitihani hazikupanda, na hilo nalo liliandikwa wazi. Baadaye serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, na mwaka 2019 Kremer akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

"Wanatufanya panya wa maabara: hawa wapewe, wale wanyimwe"

Mzazi akiuliza hivi ana haki ya kujibiwa bila kukasirikiwa. Katika shule zile za Busia, hakuna kundi lililoachwa kabisa. Shule 25 zilianza 1998, nyingine 25 mwaka 1999, na 25 za mwisho mwaka 2001. Mradi usipoweza kufika kila mahali siku moja, lazima kuwe na wa kwanza na wa mwisho. Ukiipanga zamu hiyo bila upendeleo, unaweza kulinganisha. Ukimwachia mwenye sauti kubwa, shule ya nyumbani kwake itatangulia na hutajua dawa imefanya nini. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Homa Bay mwezi Septemba 2019, ilifuata njia hiyohiyo: maeneo mengine yalianza, mengine yakasubiri. Matokeo ya Kenya, Ghana na Malawi yalichangia uamuzi wa Shirika la Afya Duniani kuipendekeza Oktoba 2021.

"Jambo lililo wazi halihitaji kupimwa"

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana ndiyo inayomaliza pesa za umma. Nani atapinga vitabu vya shule? Hata mimi nisingepinga. Lakini Kremer na wenzake walipofuatilia shule za Busia na Teso zilizopewa vitabu miaka ya 1990, alama za wastani hazikusogea. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Sababu ilikuwa imefichika mahali ambapo mwalimu yeyote angekuonyesha: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu. Wazia mtoto wa darasa la tatu, kitabu kipya kinanukia wino, anakifungua na hawezi kusoma sentensi ya kwanza. Kilichotakiwa kuulizwa mapema ni kama mtoto huyo anakielewa.

"Kilichofaulu pale kitafaulu hapa"

Sivyo. Majaribio ya walimu wa kandarasi hapa magharibi yalileta matumaini, watoto wakajifunza zaidi. Mpango ulipopanuliwa nchini, sehemu ikasimamiwa na shirika lisilo la kiserikali na sehemu na serikali yenyewe. Chini ya shirika, alama zilipanda. Chini ya serikali, hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo gavana akirudi kutoka ziara na mradi mpya mkononi, swali la kwanza ni nani atausimamia hapa kwetu, na kwa mshahara unaolipwa lini.

"Ushahidi ukipatikana, siasa ikae kando"

Hapa hata wasomi hukosea. Kisumu, wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walishiriki utafiti wa tohara na virusi vya Ukimwi. Ulisitishwa Desemba 2006 kabla ya muda wake, kwa sababu tofauti ilikuwa imeonekana wazi: tohara ilipunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu. Namba hiyo peke yake isingemtoa kijana wa Kijaluo nyumbani. Tohara si mila ya Wajaluo, na kuigusa ni kugusa utambulisho wa watu. Wazee wakashauriwa, wakabishana, wakataka ieleweke kwamba ni hiari, ni tiba, wala hakuna anayelazimishwa kubadili mila. Raila Odinga, Waziri Mkuu wakati huo, akaunga mkono hadharani. Mpango ukazinduliwa Nyanza Novemba 2008. Utafiti ulisema tohara hufanya nini mwilini. Watu wenyewe ndio walioamua itaingiaje katika maisha yao. Kuwaruka wazee wale kungeangusha mpango, nami nasema kungekuwa pia kuwakosea heshima.

"Mwananchi wa kawaida hana ushahidi"

Katiba ya 2010 inataka ushirikishwaji wa umma katika fedha za umma. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, unaoonyesha vipaumbele vya matumizi, unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayengoja Juni, bajeti inapopitishwa, amechelewa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako, kwa hiyo takwimu za zahanati yenu zinaweza kuombwa kabla ya mkutano.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa bajeti ya wadi. Wengi walisimama kuomba barabara. Kisha akasimama mhudumu wa afya ya jamii mwenye daftari la kurasa zilizokunjamana. Kwa kila nyumba anayotembelea alikuwa amechora mstari mtoto anapohara. Mistari ilikuwa imejazana upande wa nyumba za bondeni, ambako bomba lilikauka.

"Mheshimiwa, mnataka kuchimba kisima kando ya soko," alisema. "Sokoni maji yapo."

Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, hebu lete hilo daftari," akalifungua mezani na kuupiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa simu yake.